Namna ya Kuchunguza Safari ya Mbunge Mkongwe: Chaguzi Zake, Kura Zake na Kura Zisizopigwa

Mwandishi au mwanafunzi wa Dar es Salaam anayepewa kazi ya kueleza maisha ya kisiasa ya mbunge aliyekaa kitini miaka thelathini au arobaini, mara nyingi huanzia pabaya. Huchukua wasifu uliotolewa na ofisi ya mwanasiasa mwenyewe, akauongezea hotuba mbili tatu zilizovuma, kisha akamaliza kwa kumwita "mkongwe". Nimehariri makala nyingi za namna hiyo, na chache kati ya zile mbaya zaidi niliziandika mwenyewe. Kinachokosekana ndani yake karibu kila mara ni kura: zile alizopigiwa na wananchi na zile alizozipiga yeye bungeni. Hata zinapokuwamo huwa zimeandikwa kana kwamba zinajieleza, ilhali kura ni jibu tu, na anayesoma jibu bila kujua swali lililoulizwa anaweza kumsingizia mtu msimamo ambao hakuwahi kuwa nao.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulitafuta swali hilo. Mfano wangu mkuu ni Seneta Chuck Grassley wa Iowa, mhafidhina wa chama cha Republican nchini Marekani, na pembeni yake nitamweka marehemu Strom Thurmond wa South Carolina. Nimewachagua Wamarekani kwa sababu kumbukumbu za kura zao ziko wazi kwa majina, na anayejifunza kazi hii ni afadhali aanzie penye mwanga kabla ya kuingia katika kumbukumbu za Bunge letu, ambako mara nyingi jina la mpiga kura halionekani kabisa.

Kalenda kabla ya hadithi

Fungua daftari kubwa au jedwali la kompyuta, uchore safu sita: mwaka, kiti, chama, mshindani mkuu, asilimia ya kura na kamati. Kila uchaguzi upewe mstari wake, hata ule ambao unadhani haukuwa na jambo. Usiandike sentensi yoyote ya makala kabla mistari hiyo haijajaa, kwa kuwa kalenda iliyokamilika hukanusha yenyewe nusu ya mambo yanayosemwa kwa mazoea.

Kwa Grassley mistari inajaa kwa urahisi. Alizaliwa tarehe 17 Septemba 1933, akaingia katika bunge la jimbo la Iowa mwaka 1959, akaenda Baraza la Wawakilishi la Marekani Januari 1975, na Januari 1981 akaingia Seneti, ambako yupo hadi leo. Kiti cha Baraza la Wawakilishi hugombewa kila baada ya miaka miwili na cha Seneti kila baada ya miaka sita, kwa hiyo "miaka mingi" ndani ya Seneti huwa na chaguzi chache kuliko tunavyodhani. Hapa pia lugha yetu inadai tahadhari. Neno "jimbo" kwetu ni eneo la uchaguzi la mbunge mmoja, lakini Iowa ni jimbo kwa maana ya mwanachama wa shirikisho, lenye gavana na bunge lake. Amua mapema utakavyotofautisha na ushikilie uamuzi huo hadi mwisho. Mimi huandika "jimbo la uchaguzi" ninapozungumzia Ubungo au Kawe.

Kwa Thurmond kalenda ina kazi zaidi. Mazoea ni kuandika kwamba alikuwa seneta tangu 1954 hadi 2003, lakini ukijaza mstari mmoja mmoja utaona kwamba mwaka 1954 jina lake halikuchapishwa kwenye karatasi za kura, wapigakura wakaliandika kwa mkono naye akashinda. Utaona pia kwamba mwaka 1956 alijiuzulu ili kutimiza ahadi aliyowapa wapigakura, akarudishwa kwa uchaguzi mwaka huohuo, na kwamba Septemba 1964 alihama kutoka chama cha Democratic kwenda Republican. Anayemwita "seneta wa Republican kwa miaka 48 mfululizo" amekosea mara mbili katika maneno machache.

Ukihamia kwa mbunge wa Tanzania, ongeza safu ya saba: aina ya kiti. Mtu mmoja anaweza kuwa ameingia bungeni kwa viti maalumu, akarudi kwa kuteuliwa na Rais, na baadaye akagombea jimbo la uchaguzi. Miaka hiyo yote huhesabika kuwa ya ubunge, lakini si yote iliyotokana na kura za wananchi. Ongeza pia mahali pa kuandika mabadiliko ya mipaka. John Mnyika aliwakilisha Ubungo kuanzia 2010 na Kibamba kuanzia 2015, na asiyejua kwamba Kibamba ilikatwa kutoka Ubungo anaweza kudhani kwamba mtu huyo aliwakimbia wapigakura wake, kumbe sehemu yao alikuwa nao bado.

Mfano mzuri wa kalenda ngumu ya hapa kwetu ni Stephen Wasira. Aliingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1970, katika mfumo wa chama kimoja. Mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya kurejeshwa kwa vyama vingi, alisimama Bunda kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akamshinda Joseph Warioba aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, na ushindi huo ukatenguliwa mahakamani. Baadaye alirejea CCM, akawa mbunge wa Bunda tena kuanzia 2005, na mwaka 2015 akashindwa na Ester Bulaya. Safari kama hiyo haiwezi kufupishwa kwa kutoa mwaka wa mwanzo katika mwaka wa mwisho. Inakukumbusha pia kwamba matokeo ya ubunge hayaishii kwa msimamizi wa uchaguzi, kwa kuwa yanaweza kupelekwa Mahakama Kuu, na hukumu ya kesi ya uchaguzi ni hati ambayo waandishi wengi husahau kuitafuta ingawa ndani yake mashahidi hueleza kampeni kwa undani usiopatikana gazetini.

Asilimia hailinganishwi na hewa

Grassley alichukua kiti chake cha Seneti mwaka 1980 kwa kumshinda John Culver, seneta aliyekuwa madarakani, kwa asilimia 53 na ushei. Kisha alipata asilimia 66 mwaka 1986, karibu 70 mwaka 1992, 68 mwaka 1998, 70 mwaka 2004, 64 mwaka 2010, 60 mwaka 2016 na 56 mwaka 2022. Anayesoma safu hiyo kwa haraka ataandika kwamba watu wa Iowa walimpenda, wakamchoka. Huenda kuna ukweli ndani yake, lakini asilimia peke yake haiwezi kuuthibitisha.

Tafuta kura za urais zilizopigwa siku hiyohiyo mahali hapohapo. Mwaka 2004 George W. Bush, wa chama kilekile, aliishinda Iowa kwa tofauti isiyofika asilimia moja, akiwa na chini kidogo ya nusu ya kura, wakati Grassley alipata asilimia 70. Maana yake ni kwamba, katika kila wapigakura mia moja, takriban ishirini walimpa Grassley kura ambayo mgombea wake wa urais hakuipata. Mwaka 2016 Donald Trump alipata takriban asilimia 51 katika Iowa, naye Grassley 60, kwa hiyo pengo lilikuwa limebaki asilimia tisa hivi. Iowa yenyewe katika miaka hiyo ilikuwa inaelekea zaidi upande wa Republican, wala si upande wa wapinzani wake. Kilichopungua ni lile kundi la wapigakura waliokuwa tayari kuchagua chama kimoja kwa urais na kingine kwa useneta. Ninaona hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia yake ya uchaguzi, na halionekani katika safu yake peke yake.

Njia hiyohiyo hutumika kwetu bila shida, kwa kuwa Rais na mbunge huchaguliwa siku moja na Tume hutangaza matokeo ya kila jimbo la uchaguzi. Weka kura za mbunge kando ya kura za mgombea urais wa chama chake katika jimbo lilelile, katika kila uchaguzi, na utajua kama mbunge alikibeba chama au alibebwa.

Lakini angalia pia mlango alioingilia. Hapa kwetu, katika majimbo mengi, ushindani mkali hutokea ndani ya chama, kwenye kura za maoni, kabla mwananchi wa kawaida hajashika karatasi. John Malecela, Waziri Mkuu wa zamani, aliangushwa katika kura za maoni za CCM jimboni Mtera mwaka 2010, na mtu anayesoma matokeo ya Tume peke yake ataona jina limetoweka bila maelezo. Kadhalika, mbunge aliyepita bila kupingwa hana asilimia ya kuandika. Acha nafasi wazi na ueleze, usijaze mia kwa mia. Na kwa chaguzi za enzi ya chama kimoja usiseme kwamba hapakuwa na ushindani. Mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU walisimamishwa katika jimbo, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba, na Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alipoteza kiti chake.

Magazeti ya miaka hiyo, pamoja na Taarifa Rasmi za Bunge za zamani, utayatafuta Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Nenda asubuhi, ukiwa na tarehe mkononi. Anayeomba "magazeti ya uchaguzi" atarudishwa kwenye benchi kusubiri, na anayeomba gazeti la wiki fulani ya mwezi fulani huhudumiwa.

Kutafuta swali la kila kura

Katiba ya Marekani inaagiza kwamba ndiyo na hapana za wajumbe ziandikwe kwenye kumbukumbu endapo sehemu moja ya tano tu ya waliohudhuria watataka hivyo. Ndiyo maana kura za kuita majina ni nyingi mno. Tovuti ya Seneti inazo kwa majina tangu 1989, na za nyuma ya hapo zimo katika kumbukumbu za mijadala ya Bunge hilo, zinazochapishwa tangu 1873. Kila kura ina namba, lakini namba huanza upya kila mwaka, kwa hiyo "kura namba 2" peke yake haimwelekezi msomaji popote. Andika namba ya Kongresi (kipindi cha miaka miwili cha Bunge la Marekani), kikao cha kwanza au cha pili, namba ya kura, na tarehe.

Tarehe nayo ina mtego wake kwa mtu anayeandikia hapa. Kura iliyopigwa Washington saa mbili usiku huwa imepigwa saa tisa usiku au saa kumi alfajiri ya siku inayofuata kwa saa za Dar es Salaam, kutegemea majira ya mwaka. Tumia tarehe ya kule. Niliwahi kuipitisha makala iliyokuwa na tarehe mbili tofauti za kura moja, moja kutoka kumbukumbu rasmi na nyingine kutoka habari iliyopokelewa mezani kwetu asubuhi, na msomaji mmoja akapiga simu kuuliza kama seneta alipiga kura mara mbili.

Sasa soma juu ya orodha ya majina, pale palipoandikwa hoja iliyokuwa mezani. Si kila ndiyo ni ndiyo kwa muswada. Ipo hoja ya kuweka jambo kando, na anayesema ndiyo hapo analiua jambo lenyewe. Ipo hoja ya kufunga mjadala, ambayo kwa sheria nyingi inahitaji kura 60 kati ya 100, na seneta anaweza kukubali mjadala ufungwe kisha akaukataa muswada wenyewe siku inayofuata. Yapo mabadiliko ya kifungu kimoja, ambapo hapana inaweza kuwa ya kuulinda muswada usiharibiwe. Upo pia mchezo wa taratibu ambapo kiongozi wa walio wengi, akiona hoja yake inashindwa, hugeuza kura yake kuwa hapana ili kanuni zimruhusu kuirudisha hoja hiyo baadaye. Jina lake litakaa katika orodha ya waliopinga jambo alilolileta mwenyewe. Kwa hiyo katika daftari lako usiandike kamwe "alipinga muswada wa afya". Andika hoja, hatua, jibu na matokeo.

Kura zenyewe ni maelfu, na huwezi kuzisoma zote. Mimi hugawa kazi mara tatu. Kwanza nachukua zile ambazo chama chake chote kilikwenda upande mmoja naye akaenda nao. Hizi zinaonyesha wastani wake, na chache zinatosha. Grassley alipiga hapana tarehe 24 Desemba 2009 wakati Seneti ilipopitisha sheria ya bima ya afya ya Rais Obama kwa kura 60 dhidi ya 39, kama walivyofanya wenzake wa Republican waliokuwapo.

Pili, na hapa ndipo pa kutumia siku nyingi, natafuta kura alizokwenda kinyume na chama chake au kinyume na sifa yake. Tarehe 12 Januari 1991 Seneti iliidhinisha matumizi ya nguvu za kijeshi dhidi ya Iraki kwa kura 52 dhidi ya 47, Rais akiwa George H. W. Bush wa Republican, na maseneta wawili tu wa chama hicho waliosema hapana walikuwa Mark Hatfield wa Oregon na Grassley. Mwaka 2003, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, aliongoza upitishaji wa sheria iliyoingiza dawa katika bima ya afya ya wazee, mpango mkubwa wa matumizi ya Serikali ambao wahafidhina kadhaa waliukataa. Desemba 2018 alikuwa miongoni mwa waandishi wa sheria iliyopunguza baadhi ya vifungo vya jela, iliyopita kwa kura 87 dhidi ya 12. Agosti 2021 alikuwa mmoja wa Warepublican 19 walioungana na Democratic kupitisha sheria ya miundombinu. Usikimbilie kumwita kigeugeu kwa orodha hiyo. Rudi kwenye ramani kwanza: Iowa ni nchi ya mahindi na upepo mwingi, na ukikuta mhafidhina anatetea ethanoli ya mahindi na unafuu wa kodi kwa umeme wa upepo, kama alivyofanya huyu tangu miaka ya tisini, uliza mashamba ni ya nani kabla ya kuuliza itikadi.

Tatu, natafuta kura mbili juu ya jambo lilelile zilizopishana kwa miaka. Thurmond alizungumza Agosti 1957 kwa saa 24 na dakika 18 kuikwamisha sheria ya haki za raia, akapiga kura dhidi ya sheria ya haki za raia ya 1964 na ile ya haki ya kupiga kura ya 1965. Mwaka 1982 alikubali kuongezwa muda kwa sheria hiyohiyo ya haki ya kupiga kura, na 1983 akakubali siku ya Martin Luther King iwe sikukuu ya taifa. Kati ya vipindi hivyo viwili sheria ya 1965 ilikuwa imewaingiza wapigakura Weusi wa South Carolina katika daftari la wapigakura. Kama moyo wake ulibadilika au hesabu yake ilibadilika, kura haisemi. Weka tarehe zote na umwachie msomaji.

Kuhusu alama zinazotolewa na taasisi, kwa mfano zile za American Conservative Union zilizoanza mwaka 1971, zitumie kwa kiasi. Taasisi huchagua kura chache kila mwaka, na anayechagua maswali ya mtihani ameshachagua nani atafaulu. Kipimo cha wanazuoni Keith Poole na Howard Rosenthal hutumia karibu kura zote na hakina mteuzi, lakini nacho huona tu nani alipiga kura pamoja na nani. Hakijui muswada ulihusu nini.

Katika Bunge letu, ambako majina hayaitwi

Ukifungua Taarifa Rasmi ya majadiliano ya Bunge la Tanzania, mwisho wa mjadala utakutana na maneno haya katika mabano: "Hoja ilitolewa iamuliwe", na chini yake, "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Spika amewahoji wabunge, wanaoafiki wamesema ndiyo, wasioafiki wamesema siyo, na sauti iliyozidi imeshinda. Jina la mtu halimo. Mwandishi anayeandika kwamba mbunge fulani "alipiga kura kupitisha" sheria iliyopita kwa sauti anaandika asichokijua, hata kama anakihisi.

Majina huitwa katika bajeti kuu ya Serikali, mbunge mmoja baada ya mwingine. Lakini hapo pia tafuta swali. Katiba, ibara ya 90, inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, kwa hiyo mbunge anayesema ndiyo anajibu pia kama yuko tayari kurudi kwa wapigakura kabla ya wakati wake. Na ibara ya 71 inamwondolea kiti mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini. Grassley alipomkatalia Rais wa chama chake mwaka 1991, aliyeweza kumwondoa alikuwa mpiga kura wa Iowa. Ukilinganisha kura za watu wawili waliofungwa kwa kamba za urefu tofauti, taja urefu wa kamba.

Kwa sababu hiyo rekodi ya mbunge wa Tanzania husomwa mahali pengine. Soma michango yake katika mjadala, na uangalie maneno ya mwisho, kwa kuwa mbunge anaweza kuukosoa muswada dakika tisa kisha akasema anaunga mkono hoja. Soma maswali yake ya msingi na ya nyongeza kwa mawaziri, ambayo yanaonyesha anachofuatilia mwaka hadi mwaka. Thamani kubwa kuliko yote iko katika hatua ya Kamati ya Bunge Zima, ambapo mbunge huleta jedwali la marekebisho kwa jina lake, likakubaliwa au likakataliwa kifungu kwa kifungu. Taarifa za kamati alizokaa nazo huonyesha kazi ambayo haionekani kwenye runinga. Taarifa hizi nyingi zimo katika tovuti ya Bunge, na utafutaji wake huenda vizuri zaidi ukijua mkutano na kikao kuliko ukitafuta kwa jina, kwani majina huandikwa kwa tahajia zaidi ya moja.

Mahudhurio, na yale ambayo hayakupigiwa kura

Grassley alikaa kuanzia 1993 hadi Novemba 2020 bila kukosa kura hata moja katika Seneti, kura 8,927 mfululizo, hadi alipolazimika kujitenga kwa ajili ya UVIKO-19. Mwaka 1993 alikuwa amekosa kwa sababu alikuwa Iowa kukagua mafuriko. Hii ni habari nzuri na ni ya kweli, na kila wasifu wake unaitaja pamoja na desturi yake ya kutembelea wilaya zote 99 za Iowa kila mwaka. Iandike, lakini usiiache ichukue nafasi ya mambo mengine. Mahudhurio ni sharti la kazi.

Tendo lake lenye uzito mkubwa zaidi kwa maoni yangu halimo katika kura hizo 8,927. Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu alifariki tarehe 13 Februari 2016, na mwezi uliofuata Rais Obama alimteua Merrick Garland kuziba nafasi hiyo. Kiongozi wa walio wengi, Mitch McConnell, alisema nafasi isubiri Rais ajaye, na Grassley, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Sheria, hakuitisha kikao cha kumsikiliza mteuliwa. Uteuzi ulikufa wenyewe Januari 2017, na mwezi Aprili Neil Gorsuch akathibitishwa kwa kura 54 dhidi ya 45. Mwaka 2020 jaji mwingine alifariki wiki chache kabla ya uchaguzi, Amy Coney Barrett akathibitishwa tarehe 26 Oktoba kwa kura 52 dhidi ya 48, na Grassley alikuwa upande wa ndiyo. Ukitafuta msimamo wake wa 2016 katika orodha za kura hutakuta kitu, kwa sababu mwenyekiti mwenye uwezo wa kutoitisha kikao hahitaji kupiga kura. Kwa hiyo ile safu ya kamati katika daftari lako isomwe kwa swali hili: katika miaka aliyoshika uenyekiti, ni jambo gani lililetwa mbele yake likaishia hapo? Kwa mbunge wa hapa, uliza ni hoja binafsi ipi haikupangiwa siku, na nani alikuwa na mamlaka ya kuipanga.

Kuandika

Neno "mhafidhina" liandike mwishoni, baada ya ushahidi. Kwetu neno hili huwa na harufu ya lawama: wahafidhina ni wale wanaosemwa kuzuia mabadiliko ndani ya chama, na huko Zanzibar limetumika kwa miaka mingi kwa waliosemwa kuyapinga maridhiano. Mmarekani wa Iowa hulichukua kama jina lake la heshima, kwa maana ya kodi ndogo, Serikali ndogo, na majaji wanaoshikilia maandishi ya Katiba. Ukilitumia bila maelezo, msomaji wa Temeke atasikia jambo ambalo hukulisema. Sentensi moja ya ufafanuzi inatosha.

Kila kura unayoitaja ipate sentensi kamili, kwa mfano: "Tarehe 12 Januari 1991 alipiga kura ya hapana katika azimio la kuidhinisha matumizi ya nguvu za kijeshi dhidi ya Iraki, lililopita kwa kura 52 dhidi ya 47." Ni ndefu kuliko "alipinga vita", lakini haihitaji kusahihishwa kesho.

Ikiwa mwanasiasa yu hai na anafikika, mwendee ukiwa umeshasoma. Wabunge wastaafu wengi wanaishi hapa Dar es Salaam na wengi wao hupokea wageni vizuri. Mpe shikamoo, mwite Mheshimiwa hata kama alitoka bungeni zamani, na umwekee mbele ukurasa wa Taarifa Rasmi wenye maneno yake badala ya kumuuliza "unakumbuka nini". Mzee aliyekuwa anajibu kwa jumla huvaa miwani, akausoma ukurasa polepole, kisha akakueleza nani alikuwa amekaa jirani yake na waliambizana nini kabla Spika hajahoji. Maelezo hayo yaandike kama kumbukumbu yake, kando ya hati, wala usiyachanganye nayo.

Mwisho wa makala andika siku uliyofunga daftari. Kipindi cha sasa cha Grassley kinaisha Januari 2029, na hadi wakati huo Seneti itakuwa imeita majina mara nyingi sana.